Kazi yangu ilikuwa kuhesabu baruti

Siku naenda kupimwa masikio walinifungia kwenye kichumba kidogo kama friji, nikavishwa hedfoni, nikapewa kibonyezo mkononi, dada akaniambia baba kila ukisikia mlio hata ukiwa mdogo kiasi gani bonyeza. Nikakaa. Kimya. Nikaendelea kukaa, nikamwangalia kupitia kile kioo nikamwonyesha kwa mikono kwamba dada mashine yako haijawaka, yeye ananiangalia tu usoni. Alipofungua mlango akaniambia nimeshapiga milio myembamba zaidi ya kumi sikio la kulia hujabonyeza hata mmoja. Nikamwambia mwanangu wewe hujawasha hiyo kitu. Tulipomaliza sauti zote akanigeuzia karatasi nione mwenyewe, mstari unatoka kushoto umenyooka vizuri kabisa, ukikaribia penye 4000, upande wa sauti nyembamba, unatumbukia chini kama umeingia shimoni.

Akaniuliza, baba ulikuwa unafanya kazi gani? Nikamwambia nilikuwa napiga baruti Mererani. Akasema aah, kwa sauti ya mtu ambaye ameshawaona wengi wa aina yangu.

Mererani, kule kwenye migodi ya tanzanaiti, niliingia 1999, mwaka mmoja baada ya yale mafuriko ya 1998 yaliyozika watu mashimoni, na bado watu walikuwa wanamiminika tu kama vile hamna kilichotokea. Kipindi hicho hamna ukuta, ule wa kilomita 24 na nusu alioufungua Magufuli ni wa 2018, mi nilishatoka zamani. Nilianza kwa kubeba viroba, nikaja kuwa msaidizi wa mchorongaji, afu kuna mzee akanichukua akanifundisha baruti. Yule mzee alikuwa na neno lake moja analirudia mpaka unachoka, ananiambia mwanangu, kulipua hata mtoto atalipua, wewe hesabu.

Kwa ambaye hajawahi kushuka ngoja nieleze. Mchorongaji anatoboa matundu kwenye mwamba, tuseme tisa, mlipuaji anapakia, anapanga tambi, zile kamba za kuwashia, ili zilipuke kwa zamu, za katikati zinaanza zifungue njia afu za pembeni zinafuata. Ukishawasha mnarudi nyuma mnajibanza kwenye kona, na hapo ndo kazi yenyewe inapoanza, unahesabu. Moja, mbili, tatu. Zikifika tisa mwamba uko salama kiasi chake. Zikiishia nane maana yake kuna moja imelala mle ndani na fataki yake nzima, na mchorongaji akija kuweka chuma juu yake basi tena. Kwa hiyo maisha ya watu kumi na kitu yanategemea masikio ya mtu mmoja, na masikio yenyewe ndo kitu cha kwanza kinacholiwa na kazi hiyohiyo. Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Mwanzoni hushtuki. Baada ya mlipuko masikio yanaziba kama vile umepandisha Lushoto na basi, unasikia vvvvv, unatafuna kitu, unalala, asubuhi yamefunguka. Ukiona yamefunguka unajua yamepona. Kumbe hayajapona. Yule dada akanieleza kwamba ndani ya sikio kuna vinywelea vidogo sana, kama elfu 15 ivi kwa kila sikio, vinavyopokea sauti, vikilala chini leo vinaweza kusimama kesho ila vikivunjika havioti tena mpaka unakufa. Vinavyoanza kuvunjika ni vya sauti nyembamba, ndo maana mtu haoni tatizo mapema, ngurumo anaisikia vizuri tu. Na siyo baruti peke yake, kelele ya desibeli 85 ndo inahesabika mtu anaweza kuivumilia kwa masaa nane, ikipanda tatu tu masaa yanakatwa nusu, ikifika 100 ni robo saa. Sasa mashine ya kuchoronga inapita 110 na sisi tuko nayo kwenye kishimo cha kuinama zamu nzima! Kinga yetu ilikuwa pamba, au karatasi ya chooni umeilowesha mate, ambayo ni bora ungeila tu.

2004 ndo sikio la kulia lilipigwa rasmi. Watu wa Mererani wanajua neno mitobozano, migodi miwili inachimbwa kila mmoja kivyake afu chini kwa chini inakutana. Sisi tulikuwa tunasikia wenzetu wanachoronga upande wa pili, tunasikia kabisa na tunacheka, tajiri, yaani mwenye mgodi, anasema endeleeni wasitutangulie kwenye jiwe. Wakapiga baruti bila kutuambia. Sikusikia mlipuko wowote, na hii nimekuja kuisikia kwa wengine pia, ukiwa karibu sana husikii, mi nilihisi kama mtu kanipiga kifuani na gunia la mchanga afu nikajikuta nimekaa, tochi imezimika, mdomo umejaa udongo. Damu inatoka sikioni inashuka mpaka shingoni na ni ya moto.

Juu wakaniwekea mafuta ya kupikia yaliyopashwa na kitunguu. Jamani hiyo msifanye. Hospitali waliponiangalia wakasema ngoma ya sikio imechanika, na nyingi huwa zinaziba zenyewe ndani ya wiki kadhaa mradi usiingize maji, mafuta, kijiti wala dawa ya jirani. Kilichonishangaza ni kwamba daktari hakuhangaika sana na sikio, alihangaika na kifua, akanilaza usiku kucha ananisikiliza pumzi. Nikamwambia mi sina hata mchubuko, akasema ndo maana nakulaza. Ule upepo wa mlipuko unapenda sehemu zenye hewa, sikio, mapafu, utumbo, mtu anaweza kuonekana mzima kwa nje na mapafu yamevuja damu. Wanajeshi wanakufa hivyo vitani bila kidonda. Mi mapafu yalikuwa salama siku ile. Ngoma ikaziba kweli, ila usikivu wa upande ule haukurudi wote na kuanzia hapo nikapata nyenje. Ni mlio ndani ya kichwa, kama wale nyenje wa jioni kipindi cha joto, iiiiiii, mchana unasahau, usiku taa ikizimwa unaanza. Miaka zaidi ya ishirini sasa huyu nyenje hajawahi kulala.

Afu kuna moshi. Hapa nikae kidogo kwa sababu watu wanaogopa mlipuko ambao umeshapita, moshi ambao upo hawauogopi.

Moshi wa baruti siyo kitu kimoja. Kuna kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, inashika damu kuliko oksijeni mara zaidi ya mia mbili, dalili yake kichwa kinagonga, miguu inakuwa ya mlenda, mtu anapanda ngazi akifika katikati anaachia mikono. Hiyo tulikuwa tunaijua kwa kuiona. Ila kuna mwingine wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, unatokea zaidi baruti ikiungua vibaya, labda imelowa maji, huo ni mzito unakaa chini kwenye mabonde ya shimo, na ubaya wake ni mpole. Unakuwasha koo kidogo, unakohoa, unatoka, unasema nimesalimika.

Tulikuwa na mwenzetu, mtu wa Singida, mchapakazi, mcheshi. Siku hiyo kompresa imeishiwa dizeli kwa hiyo hamna upepo wa kusafisha shimo, na tajiri alikuwa juu ameona dalili ya jiwe asubuhi yake, anapiga simu kila dakika mbili. Mi nikasema tusubiri, nakiri sikusema kwa nguvu. Akashuka. Akakaa chini labda robo saa, akapanda anakohoa na macho mekundu, akanywa maziwa, maana kule maziwa ndo dawa ya kila kitu, jioni tukala naye ugali na dagaa, akala vizuri tu akanidai na elfu mbili yake. Saa nane usiku tunaamshwa anahema kama mtu aliyetoka kukimbia, amekaa hawezi kulala chali, povu linatoka mdomoni lina rangi ya pinki. Gari tulilipata saa kumi. Alifia njiani kabla ya lami.

Watu walisema mengi, si unajua migodini, mara karogwa, mara kaweka damu ya mtu. Mi nilikuja kuelezwa na daktari wa kifua kwamba ile hewa ya kahawia, naitrojeni daioksaidi, ikiingia mapafuni inageuka tindikali polepole, mtu anakaa masaa mengi hata siku nzima anajiona mzima afu mapafu yanajaa maji. Mtu aliyekaa kwenye ule moshi anatakiwa apelekwe hospitali akiwa bado anatembea na anacheka. Elfu mbili yake nilimpa kaka yake pale msibani na sikuweza kumwambia ni ya nini.

Vumbi nitapita haraka ila msije mkalipuuza. Kuchoronga bila maji ni kula mwamba. 2012 nilianza kukohoa, zahanati moja wakaniambia TB bila kunipiga picha, nikameza dawa miezi sita, kikohozi kipo palepale. Ndo nikaenda Kibong'oto, ile hospitali ya kifua kule Siha iliyokuwepo tangu wakoloni, nikakuta foleni nusu yake wana apolo, yaani wachimbaji wa Mererani, nawajua kwa sura. Picha ikaonyesha vumbi la mawe, silikosisi. Dawa ya kuliondoa hamna, na mapafu yenye vumbi TB inayapenda kwa hiyo wananifuatilia mpaka leo. Yangu haijawa kali, mlima napanda kwa kupumzika. Wapo niliokaa nao foleni ile ambao leo tunawataja kwa marehemu.

Kichwa sasa. Mama watoto ndo aliyeanza kuliona hili kabla yangu. Aliniambia wewe ulikuwa mtu wa utani, siku hizi kijiko kikianguka unataka kupigana. Nilikuwa nasahau vitu vya kijinga, nimeingia chumbani nimesimama sijui nimefuata nini, usingizi wa vipande vipande. Nikaweka kwenye kapu la pombe na msongo. Siku hizi nimesoma kwamba wenzetu wa Marekani baada ya Irak na Afghanistan walikuta wanajeshi ambao hawajawahi kupigwa na kitu kichwani, kazi yao kulipua milango au kufyatua mizinga mazoezini, nao wanasahau, hawalali, wana hasira. Na siyo jambo jipya, Waingereza 1915 huko kwenye vita ya kwanza walishaliandika, ila wengine waliitwa waoga na wapo waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe. Sisi tuliitwa walevi. Mimi nilikuwa nakunywa kweli, sibishi, ila na wasiokunywa pale walikuwa hawalali.

Turudi kwenye kuhesabu. 2011, zamu ya usiku, matundu tisa. Nikawasha, tukajibanza, nikahesabu tisa. Dogo niliyekuwa namfundisha, alikuwa hata ndevu hana, akasema nane. Nikamfokea mbele za watu, nikamwambia mi nimeanza kazi hii wewe unanyonya. Yule mtoto hakunijibu vibaya, akanyanyua vidole, nane, kumbe alikuwa anahesabu kwa kukunja vidole, akasema kaka mimi siingii. Mchorongaji naye akasita. Meneja akasema tusubiri. Tukasubiri saa nzima, na kwa wanaoshika hizi kazi nusu saa ndo kiwango cha chini kabisa kwa baruti ya utambi iliyogoma. Tukaingia na maji na tochi, polepole. Pembeni chini kulia tundu zima, utambi umekatwa na jiwe lililoruka kutoka la jirani. Palepale ambapo mchorongaji angeanzia.

Nilikaa chini. Dogo hakusema nilikwambia, akanipa maji ya kunywa.

Sasa hapa ndo kuna aibu yangu ambayo sijawahi kuiandika popote. Kesho yake nilitakiwa niseme masikio yangu yameisha, mtu mwingine ashike. Sikusema. Mlipuaji anakula mgao mzuri kuliko mbeba viroba, nina watoto wawili shule, na mkataba hamna, tulikuwa tunakula kwa mgao jiwe likitoka, kwa hiyo mwajiri hayupo, fidia utamdai nani? Huu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeanza kazi 2015 na nao unataka uwe na mwajiri anayekuchangia. Basi miezi minne mingine nilipiga baruti, na nilikuwa sihesabu mimi. Nilikuwa namulika tochi ya kichwani kwenye mkono wa dogo naangalia anavyokunja vidole, afu natangaza kwa sauti kubwa, tisa! Kama vile nimezisikia. Yeye alijua. Siku moja alikuwa na mafua yameziba masikio yake, akanigeukia akanionyesha mkono umefunguka wote, maana yake hajui. Siku hiyo nilijifanya naumwa tumbo, nikasema hakuna kuingia mpaka kesho, na wiki ile nikaacha baruti. Nikarudi kukaa juu kwenye winchi, ambako pia ilibidi nimuweke mtu wa kunisikilizia kengele. 2013 nikafunga mabegi.

Sasa ivi nina duka la spea za pikipiki. Sauti nzito nazisikia, nyembamba ndo zimekwenda, na bahati mbaya kwenye maneno yetu irabu ni nzito ila s, f, t, k zote ni nyembamba. Kwa hiyo mteja akisema neno mi napata a-a tu, sijui ni taka, paka au saka, naangalia midomo. Wakati wa barakoa za korona nilikuwa kama kiziwi kabisa, niliuza kebo ya klachi kwa mtu aliyetaka taa, akarudi kafura. Shime sikio, kile kifaa cha kusikilizia, niliambiwa litanisaidia kiasi, bei nikacheka, mwaka juzi wanangu wakachanga wakaninunulia moja. Linasaidia ndani ya nyumba. Barabarani linakuza na honi za bodaboda, nalitoa naweka mfukoni.

Dada yangu anakaa Mbagala. Tarehe 29 Aprili 2009, yale mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka, alinipigia analia, mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka mitano kajificha uvunguni. Mimi kwa vile ndo fundi wa baruti wa ukoo nikawa natoa maelekezo kwa simu, ondokeni madirishani maana vioo vikiruka vinaumiza watu wengi, msiokote chuma chochote uwanjani, mtoto akilalamika sikio msimwekee kitu. Yule mtoto akakaa wiki anasema sauti za watu ziko mbali. Ilikuja ikapita. Na 2011 Februari Gongo la Mboto ikarudia hadithi ileile, dada akasema mwanangu huyu akisikia hata radi anaingia uvunguni.

Huyohuyo ndo alinipigia juzi. Kapata nafasi kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, huko Geita, kafurahi, anasema mjomba nimepata kazi na wewe ndo mtu wa kwanza kukwambia. Nikataka kumwambia mengi, moshi wa kahawia, maji kwenye choronga, vile vya sponji vya kuziba masikio ambavyo ni bei ya soda, nikaona nitamchanganya. Nikamuuliza kitu kimoja tu, huko kwenu nani anahesabu? Akajibu sikumpata, nikamwambia rudia, akarudia sikumpata, nikampa mama watoto simu amsikilize.

Akasikiliza, akaondoa simu sikioni, akaniambia kwa sauti ile yake ya kunipazia.

Anauliza kuhesabu nini?